Namna ya Kuunda Serikali ya Mpito Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe: Anzeni na Siku ya Kuondoka

Serikali ya mpito ni serikali ya muda inayokabidhiwa nchi ambayo mapigano yamesitishwa lakini hakuna aliyechaguliwa na wananchi, ili ilinde amani, itoe huduma za lazima, iandae katiba au sheria za msingi, isimamie uchaguzi, kisha iondoke. Wanaoiunda kwa kawaida ni watu waliokuwa wakiwindana muda mfupi uliopita, pamoja na vyama vya siasa na asasi za kiraia ambazo hazikubeba silaha. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wale watakaoketi kwenye meza hiyo au karibu nayo: wajumbe wa mazungumzo, washauri wao, makatibu wanaoandika rasimu, na viongozi wa dini, wanawake na vijana wanaodai kusikilizwa. Ukizitazama nchi zilizopita njia hii, utaona kwamba serikali nyingi za mpito hazikuharibikiwa kwa sababu zilianza vibaya, bali kwa sababu hakuna aliyeandika namna zitakavyoondoka. Ndiyo maana hatua zinazofuata zinaanzia mwisho.

Hatua ya kwanza: Andikeni siku ya kuondoka kabla ya kugawana viti

Wajumbe wengi hufika kwenye mazungumzo wakiwa na orodha ya wizara mfukoni. Iwekeni kando kwanza. Jadilini siku ambayo serikali hii itakoma, nani ndani yake hataruhusiwa kugombea, na nini kitatokea siku hiyo ikifika kabla kazi haijakamilika.

Makubaliano ya Accra ya Agosti 2003, yaliyomaliza vita vya Liberia, yalitamka kwamba mamlaka ya serikali ya mpito yangekoma Jumatatu ya tatu ya Januari 2006, na kwamba mwenyekiti wake, makamu wake na mawaziri kamili wa baraza lake hawangegombea nafasi yoyote katika uchaguzi wa 2005. Uchaguzi ulifanyika Oktoba, duru ya pili ikafuata Novemba, na Ellen Johnson Sirleaf akaapishwa tarehe 16 Januari 2006, ambayo ilikuwa Jumatatu ya tatu ya mwezi huo. Serikali ile ya mpito ilikuwa na dosari nyingi, hasa katika fedha, kama itakavyoonekana hapa chini; lakini iliondoka siku iliyoandikwa, na waliokuwamo hawakuwa na sababu ya kuuchelewesha uchaguzi ambao hawakuwa wagombea wake.

Tazameni sasa upande mwingine. Serikali ya Sudan Kusini iliyoundwa Februari 2020 ilipewa miaka mitatu. Mwaka 2022 ikaongezewa miezi 24, na mwaka 2024 uchaguzi ukasogezwa tena hadi Desemba 2026. Kila mara sababu zilizotolewa zilikuwa za kweli kwa kiasi fulani, kwa maana majeshi hayakuwa yameunganishwa wala daftari la wapigakura halikuwa tayari. Ila walioamua kuongeza muda ndio hao hao waliobaki madarakani kwa muda huo walioongeza.

Kwa hiyo muda wa nyongeza nao uandikwe: mara ngapi unaweza kuongezwa, kwa miezi mingapi, na kwa idhini ya nani aliye nje ya baraza la mawaziri. Makubaliano ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya Desemba 2002 yaliweka miaka miwili, na ruhusa ya kuongeza miezi sita mara mbili, basi. Zote mbili zilitumika, na wananchi wakapiga kura mwaka 2006. Andikeni pia kitakachofuata muda ukiisha mikononi mwenu. Bunge la Katiba la Nepal, lililochaguliwa Aprili 2008 kwa miaka miwili, liliongezewa muda mara kadhaa hadi Mahakama ya Juu ikasema yatosha. Usiku wa manane Mei 2012 likafa bila katiba, na hapakuwa na kifungu kilichosema nchi iendeshwe vipi. Hatimaye Jaji Mkuu alikabidhiwa serikali ya kusimamia uchaguzi mpya wa Novemba 2013, na katiba ikapatikana Septemba 2015.

Ikiwa wakuu wa makundi yenye silaha watakataa katakata masharti ya kutogombea, na mara nyingi hukataa, msiache jambo lote lianguke. Kwa maoni yangu, la chini kabisa lisiloachwa ni kwamba wanaoshika fedha, usalama wa ndani na tume ya uchaguzi wasiwe wagombea.

Hatua ya pili: Hesabuni waliopo, kisha hesabuni wasiopo

Makubaliano ya Arusha kuhusu Burundi, yaliyoanza chini ya usuluhishi wa Mwalimu Nyerere na kukamilishwa na Nelson Mandela, yalitiwa saini Agosti 2000 na vyama vingi, lakini makundi mawili makubwa yaliyokuwa yakipigana msituni, CNDD-FDD na Palipehutu-FNL, hayakusaini. Serikali ya mpito ilianza Novemba 2001 huku vita vikiendelea. Kilichoiokoa ni kwamba mazungumzo na walio nje hayakusimama, na CNDD-FDD ikaingia serikalini baada ya makubaliano ya Novemba 2003. Basi wekeni katika mkataba wenu kifungu cha kujiunga baadaye: kundi litakaloweka silaha chini litaingia kwa masharti gani, na viti vyake vitatoka wapi. Kama viti vyote vimekwisha kugawiwa siku ya kwanza, kila anayekuja atakuwa anamwondoa mtu, na atapigwa vita na wale waliomtangulia.

Wasiobeba silaha nao wapewe nafasi za maamuzi, wasiitwe tu kushuhudia sherehe. Azimio namba 1325 la Baraza la Usalama, la mwaka 2000, linataka wanawake washiriki katika ngazi zote za kutafuta na kujenga amani, na Burundi ilitafsiri hilo kwa namba iliyowekwa kwenye katiba yake: si chini ya asilimia 30 ya wabunge na mawaziri. Namba hufuatiliwa. Maneno kama “ushiriki wa kutosha” hayafuatiliwi na mtu.

Hatua ya tatu: Gawaneni madaraka kwa kanuni, na andikeni mtaamuaje mkikwama

Sasa ndipo orodha ya wizara inapotolewa mfukoni. Wizara hazilingani, na kuzihesabu kwa idadi peke yake ni kujidanganya. Ulinzi, mambo ya ndani, fedha, madini au mafuta, na serikali za mitaa ndizo zinazoamua nani ana nguvu. Zigaweni kwanza hizo katika kundi lake, mkichagua kwa zamu, kisha nyingine zifuate. Waziri akitoka upande mmoja, naibu wake atoke upande mwingine, na sheria itaje ni nyaraka gani zisizokuwa halali bila saini zao wote wawili.

Kongo ilijaribu muundo ulioitwa moja jumlisha nne: rais mmoja na makamu wanne wa rais, kila makamu akiongoza kamisheni yenye wizara kadhaa. Muundo huo ulikuwa mzito na wa gharama kubwa, lakini uliwaingiza mjini Kinshasa watu ambao majeshi yao yalikuwa yameshika mashariki na kaskazini ya nchi. Uzito huo ni bei inayolipwa kwa kusitisha vita, na wajumbe wanapaswa kujua wananunua nini kwa bei hiyo. Panapokuwa na hofu ya kabila moja kumezwa na jingine, kanuni ya viwango husaidia. Burundi iliamua kwamba hakuna kabila litakalozidi nusu ya jeshi, na bunge likawa na asilimia 60 ya Wahutu na 40 ya Watutsi, pamoja na viti vitatu vya Watwa.

Yapo maswali mawili ambayo hukwepwa mezani kwa sababu yanachosha, halafu hurudi kama moto. La kwanza ni nani anayeweza kumfukuza waziri. Je, ni rais, au ni upande uliomteua? Sudan Kusini, Machi 2023, rais alimwondoa waziri wa ulinzi aliyetoka upande wa pili na kuihamishia wizara hiyo kwa chama chake, na mgogoro ukazuka juu ya tafsiri ya mkataba. Sentensi moja ingetosha kuuzuia: nafasi iliyoachwa wazi inajazwa na upande ulioishika, ndani ya siku kadhaa zilizotajwa, na uteuzi wa mwingine yeyote ni batili.

La pili ni mkikwama itakuwaje. Ule usemi kwamba maamuzi yatafikiwa “kwa mwafaka” haujibu swali. Mwafaka ukikosekana, je? Makubaliano ya Paris ya Oktoba 1991 kuhusu Kambodia yalijibu vizuri. Baraza Kuu la Taifa lilikuwa na wajumbe 12, sita wa serikali iliyokuwa Phnom Penh na wawili wawili kutoka makundi matatu yaliyobaki. Likikosa mwafaka, Mwanamfalme Norodom Sihanouk, aliyekuwa rais wa baraza hilo, aliamua baada ya kuzingatia maoni yaliyotolewa; naye asipoweza kuamua, mamlaka yalihamia kwa mwakilishi maalumu wa Umoja wa Mataifa. Ni ngazi yenye vidato vitatu, na juu yake hapana mkwamo. Jengeni ngazi kama hiyo kwa kutumia mtu au chombo ambacho pande zote zinakiheshimu, na wekeni siku za kila kidato.

Hatua ya nne: Lindeni kipindi kilicho kati ya saini na kiapo

Kipindi hiki ndicho cha hatari kuliko vyote, nacho ndicho hupewa ukurasa mmoja tu wa mkataba. Makubaliano ya Arusha kuhusu Rwanda yalisainiwa tarehe 4 Agosti 1993. Rais aliapishwa Januari 1994, lakini baraza la mawaziri na bunge la mpito viliahirishwa mara baada ya mara kwa mabishano juu ya majina, huku waliokuwa wakiyapinga makubaliano wakijipanga na kueneza chuki. Mwezi Aprili mauaji ya kimbari yakaanza. Anayeandika ratiba ya mpito lazima aikumbuke miezi ile minane kila anaposhawishika kuandika “mapema iwezekanavyo” mahali palipostahili tarehe.

Jambo la kwanza la kufanya ni kuambatisha majina kwenye mkataba, au angalau nafasi na upande unaoteua, ili kusiwe na mazungumzo ya pili baada ya mazungumzo. La pili ni ulinzi wa wanaorejea. Mwaka 2001 Afrika Kusini ilipeleka askari Bujumbura kuwalinda wanasiasa waliotoka uhamishoni, kwa sababu wanasiasa hao wasingeweza kulala usingizi wakilindwa na jeshi walilokuwa wakilikimbia.

La tatu ni mji mkuu wenyewe. Tarehe 8 Julai 2016, rais wa Sudan Kusini na makamu wake wa kwanza walikuwa wakikutana ndani ya ikulu ya Juba, na nje, walinzi wa huyu walikuwa wamesimama hatua chache kutoka kwa walinzi wa yule, wote na silaha mikononi. Risasi zikaanza palepale langoni, mapigano yakaenea mjini kwa siku kadhaa, na serikali ya mpito ya wakati huo ikavunjika. Walioketi ndani hawakuhitaji kutoa amri yoyote ili jambo hilo litokee. Kwa sababu hiyo kiambatisho cha usalama wa mji kitaje idadi ya walinzi wa kila kiongozi, aina ya silaha wanazoruhusiwa, kambi wanakolala na umbali wake kutoka kambi ya upande wa pili, barabara watakazopita, na majina ya maofisa wawili, mmoja kila upande, wanaokaa chumba kimoja usiku na mchana wakiwa na simu moja. Silaha nzito zitoke nje ya mji kabla ya kiapo. Kama hazijatoka, kiapo kisubiri.

Hatua ya tano: Wapiganaji wahesabiwe kabla ya kuahidiwa chochote

Mjini Accra ilikubaliwa kwamba wapiganaji wa Liberia watanyang'anywa silaha na kusaidiwa kurudi katika maisha ya uraia. Zoezi lilianzishwa Desemba 2003 karibu na Monrovia kabla kambi hazijakuwa tayari; walikuja watu wengi mno kuliko walivyotarajiwa, wakidai fedha, ghasia zikazuka na watu wakafa, na kazi ikasimamishwa hadi Aprili 2004. Mwishoni waliosajiliwa walizidi 100,000, ilhali silaha zilizokusanywa hazikufika 30,000. Kila kamanda ana sababu ya kuongeza majina, kwa kuwa kila jina ni posho na kila posho ni utiifu.

Anzeni basi na kambi, maji, chakula na madaftari, ndipo mtangaze siku. Kila mpiganaji asajiliwe yeye mwenyewe, kwa picha na alama za vidole, si kwa orodha iliyoletwa na mkubwa wake. Watoto waliotumikishwa vitani watenganishwe siku ileile ya kwanza. Na wanawake waliokuwa wapishi, wabebaji au mateka wasitakiwe kuonyesha bunduki ili wahesabiwe.

Mahali ambapo kuaminiana kumekwisha kabisa, silaha zinaweza kufungiwa bila kusalimishwa. Nepal ilifanya hivyo mwaka 2007. Silaha za waasi ziliwekwa ndani ya makontena katika makambi yao, ufunguo ukabaki kwa waasi wenyewe, lakini kontena lilikuwa na kamera na king'ora, na waangalizi wa Umoja wa Mataifa walikuwa papo hapo; jeshi la serikali nalo likafungia silaha kwa idadi ileile. Hakuna aliyeaibishwa, na hakuna aliyeweza kulifungua kontena kimyakimya.

Mshahara wa askari upite njia tofauti na njia ya amri. Nchini Kongo fedha zilishuka kutoka makao makuu kupitia kwa makamanda, na kila aliyezigusa alipunguza, hadi askari wa mstari wa mbele akabaki akijilipa kwa kuwapora raia. Umoja wa Ulaya, kupitia ujumbe ulioanza kazi mwaka 2005, ulisaidia kuwahesabu askari, kuwapa vitambulisho na kuwalipa bila fedha kupitia mikononi mwa makamanda. Askari hewa walionekana mara tu hesabu ilipofanywa mtu kwa mtu. Na msilivunje jeshi lote kwa amri moja, kama ilivyofanyika Iraki Mei 2003, mkawaacha maelfu kwa maelfu ya watu wenye ujuzi wa silaha bila mshahara.

Hatua ya sita: Ifungeni hazina kwa kufuli mbili

Watu wanaojua kwamba watakaa wizarani miezi 24 hushawishika kuchuma kwa haraka. Liberia, mwaka wa pili wa mpito, wizi wa mapato ya umma ulikuwa mkubwa kiasi kwamba wafadhili walisukuma mpango uliosainiwa Septemba 2005, ambao uliweka wataalamu wa kigeni wenye saini ya pamoja katika benki kuu na katika taasisi kuu za mapato. Wengi waliuona kama dharau kwa uhuru wa nchi, na hisia hiyo inaeleweka. Ila ni bora kujiwekea saini ya pili ninyi wenyewe mwanzoni kuliko kuwekewa na wengine baadaye. Mapato yote yaingie akaunti moja, taarifa ya kila mwezi itangazwe hadharani kwa lugha wanayoielewa wananchi, na mkaguzi wa hesabu asitokane na upande wowote unaoshika wizara ya fedha.

Hatua ya saba: Tajeni yale ambayo serikali hii haiwezi kuyafanya

Kifungu hiki ni kifupi lakini kisiachwe. Serikali isiyochaguliwa isiuze mali za umma, isitoe leseni za miongo mingi za madini, misitu au mafuta, isikope zaidi ya kiwango kilichoandikwa, wala isibadili mipaka ya majimbo.

Hatua ya nane: Katiba, haki na bunge visisubiri mwisho

Waraka wa kikatiba wa Sudan wa Agosti 2019 uliahidi baraza la kutunga sheria ndani ya siku 90. Halikuundwa kamwe, hadi wanajeshi walipopindua tarehe 25 Oktoba 2021. Mpito ulikuwa umekaa miaka miwili bila chombo cha kuusimamia. Bunge la mpito liapishwe wiki ileile na mawaziri, hata kama viti vichache vitabaki wazi.

Kuhusu katiba, njia iliyotumika Afrika Kusini inastahili kuigwa. Pande zilizokuwa hazikubaliani juu ya mambo mengi zilikubaliana mwaka 1993 juu ya misingi 34 ya katiba ya kudumu, na kazi ya kuiandika ikaachiwa bunge lililochaguliwa mwaka 1994. Mahakama ya Katiba ilipewa jukumu la kupima kama misingi imefuatwa, na Septemba 1996 iliirudisha rasimu ya kwanza kwa marekebisho kabla ya kuikubali Desemba. Walio wachache hawakuhitaji kura za turufu, kwani walikuwa na misingi na mahakama ya kuilinda.

Suala la msamaha litawagawa. Makosa ya kisiasa, kama kubeba silaha dhidi ya serikali, yanaweza kusamehewa. Lakini mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya ubinadamu na uhalifu wa kivita haviingii humo, na Umoja wa Mataifa hauungi mkono makubaliano yanayoyasamehe. Msiandike ahadi ambayo mahakama itakuja kuifuta, maana aliyeweka silaha chini kwa ahadi hiyo ataona amedanganywa.

Hatua ya tisa: Uchaguzi na makabidhiano

Tume ya uchaguzi iundwe mwanzoni, kwa kuwa uandikishaji wa wapigakura katika nchi yenye wakimbizi na barabara zilizovunjika huchukua miezi mingi. Amueni mapema wakimbizi watapigia kura wapi. Mkubaliane pia anayeshindwa anabaki na nini: usalama wake, walinzi wachache, nafasi ya upinzani bungeni inayotambuliwa kisheria. Agosti 2006, mara baada ya matokeo ya duru ya kwanza kutangazwa, walinzi wa wagombea wawili wakuu walipigana katikati ya Kinshasa, hata mabalozi wakakwama ndani ya nyumba iliyokuwa ikishambuliwa.

Miezi mitatu kabla ya siku ya mwisho, kila wizara ianze daftari la makabidhiano. Humo ziandikwe akaunti na salio lake, madeni, mikataba inayoendelea, magari kwa namba zake, nyumba za serikali na wanaokaa humo, mihuri, kumbukumbu za kamati ya kusitisha mapigano, na orodha ya silaha zilizofungiwa pamoja na mahali zilipo. Waziri anayeondoka asaini kila ukurasa, na anayeingia asaini baada ya kuhakiki. Nakala moja ibaki kwa mkaguzi wa hesabu, nyingine ihifadhiwe bungeni. Viongozi wa mpito wahame nyumba za serikali siku saba kabla ya kiapo cha serikali mpya, na walinzi wao warudi kambini wakiwa wamehesabiwa.